Masijala Isiyo na Namba za Folio

Mwanzoni mwa mwaka huu mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamivu alibisha hodi ofisini akiwa na kompyuta mpakato mkononi na uso wa mtu aliyefiwa. Alikuwa akiandika sura ya tasnifu yake kuhusu migogoro ya mipaka ya vijiji, nami nilikuwa nimemruhusu atumie mahojiano niliyoyarekodi miaka kadhaa iliyopita na wazee wa vijiji vitatu. "Shikamoo, Mwalimu," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia alikuwa ameshafungua faili la kwanza. Sauti ya mzee ilisikika ikieleza jinsi mpaka ulivyopimwa kwa hatua za miguu kutoka mbuyu mmoja hadi mwingine. Ghafla ikakatika, ukafuata mkwaruzo, kisha kimya. Faili la pili halikufunguka kabisa. Katika mafaili 26, 7 yalikuwa yameharibika.

Nilimwambia asihofu, kwa kuwa nilikuwa na nakala nyingine. Kila mwaka nimekuwa na desturi ya kunakili kazi zangu zote kutoka diski ya zamani kwenda diski mpya ya SSD, na za zamani ninazitunza kabatini. Nikazitoa zote. Mkwaruzo ulikuwa palepale, katika dakika ileile, katika kila diski. Nilikuwa nimenakili uharibifu kwa uaminifu mkubwa, mwaka hadi mwaka, nikiamini kwamba ninahifadhi. Wazee wawili kati ya waliozungumza katika mafaili yale wameshatangulia mbele ya haki.

Hakuna aliyeiba wala aliyefuta. Wala hakuna kifaa chochote, katika miaka yote hiyo, kilichoniambia kwamba kuna jambo limeharibika. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, na ndilo lililonifanya niandike kuhusu suala ambalo wengi tumewaachia maafisa TEHAMA: ni mfumo upi wa mafaili tuuweke katika diski tunazozikabidhi kumbukumbu zetu? Ninadai kwamba swali hili ni la utawala kabla ya kuwa la ufundi, na kwamba mtumishi wa umma, mwanaharakati na mwanafunzi wana haki, na hata wajibu, wa kuliuliza.

Wasomaji wangu walio serikalini watanielewa upesi nikisema kwamba mfumo wa mafaili ni masijala ya diski. Diski yenyewe ni ghala lenye mamilioni ya visanduku visivyo na majina. Mfumo wa mafaili ndio unaoamua hati ipi ikae kisanduku kipi, unaotunza rejesta ya majina, na unaokuletea hati unapoihitaji. Sasa, yeyote aliyepitia masijala yenye nidhamu anajua kwamba kila waraka unaoingia katika jalada hupewa namba ya folio. Si urembo. Folio ya 17 ikinyofolewa, jalada lenyewe linashtaki: kuna 16, kuna 18, iko wapi 17? Masijala isiyo na namba za folio haiwezi kukuambia kwamba imeibiwa. Itakukabidhi jalada pungufu kwa heshima zote, nawe utatia saini kwamba umelipokea kamili.

Ili tuone kwa nini jambo hili lina uzito katika diski za SSD, tuziangalie zinavyofanya kazi. Diski za zamani zilikuwa na sahani zinazozunguka na mkono unaosoma juu yake. SSD haina kinachozunguka. Data hukaa kama chaji za umeme ndani ya seli ndogo sana, kwa teknolojia ambayo msingi wake uliwekwa na Fujio Masuoka alipokuwa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Seli hizi zina tabia ngumu: haziandikwi juu ya maandishi ya zamani bali hufutwa kwanza, tena kwa mafungu makubwa, na kila zinapofutwa huchakaa kidogo. Kwa sababu hiyo ndani ya kila SSD kuna kompyuta ndogo inayohamisha data huku na huko usiku na mchana ili seli zichakae kwa usawa. Masijala inaposema "weka hati hii katika kisanduku namba 500," kompyuta hiyo huitikia "ndiyo, Bwana," kisha huiweka inakojua yenyewe. Mara nyingi huitikia "ndiyo" wakati hati ingali katika kumbukumbu ya muda, haijafika kwenye seli. Umeme ukikatika katikati ya "ndiyo" na tendo, ahadi hubaki hewani.

Hayo si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wa maabara za HP walieleza jinsi walivyochukua diski 15 za SSD kutoka kwa watengenezaji 5 na kuzikatia umeme kwa makusudi mara nyingi. Diski 13 kati ya hizo zilionyesha hitilafu za aina moja au nyingine: data iliyobadilika, maandishi yaliyoandikwa nusu, na hata diski iliyokufa kabisa. Mwaka 2016, Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto pamoja na watafiti wa Google walichapisha matokeo ya miaka 6 ya kufuatilia SSD katika vituo vya data vya kampuni hiyo. Waliona kwamba SSD hazihitaji kubadilishwa mara nyingi kama diski za sahani, lakini kati ya asilimia 20 na 63 ya diski, kutegemea aina yake, zilipata angalau kosa moja lisilorekebishika katika miaka 4 ya mwanzo. Tukumbuke kwamba vituo hivyo vina umeme wa uhakika na viyoyozi. Sisi tunaoishi na mgao, na kabati za chuma zinazopigwa na jua la Februari, tuna sababu zaidi ya kujiuliza.

Kuna na suala la kabati hilo lenyewe. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka viwango vya vifaa vya aina hii, kinataka SSD ya matumizi ya kawaida iliyokwisha kufikia ukomo wa uandishi wake iweze kutunza data bila umeme kwa mwaka 1 katika nyuzijoto 30 za Selsiasi. Diski changa hudumu zaidi ya hapo, na joto likizidi muda hupungua. Kwa hiyo ile desturi ya kufungia diski kabatini na kuiita "kumbukumbu" inahitaji kutazamwa upya, nami ninajihesabu wa kwanza miongoni mwa wakosefu.

Masijala za diski ni nyingi, lakini kwa mwananchi wa kawaida zinagawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la akina exFAT, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2006. Ndiyo inayokuja katika flashi nyingi na SSD nyingi za kubebeka, kwa sababu inasomeka katika Windows, katika kompyuta za Apple na katika kamera. Fadhila yake ni kuelewana na kila mtu. Kasoro yake ni kwamba haina daftari la kazi: ukichomoa diski, au umeme ukikatika wakati rejesta inabadilishwa, hakuna kumbukumbu ya kilichokuwa kikifanyika. Mahojiano yangu yalikaa katika exFAT tangu siku ya kwanza.

Kundi la pili lina NTFS ya Windows, iliyotoka mwaka 1993, pamoja na ext4 na XFS za Linux. Hizi zina daftari. Kabla ya kubadilisha rejesta, huandika kwanza kile zinachokusudia kufanya. Umeme ukirudi, husoma daftari na kumaliza au kutupa kazi iliyokatika. Ext4, iliyotangazwa kuwa imara mwishoni mwa 2008, imebeba seva nyingi duniani na inastahili sifa zake. Lakini tuelewe kinacholindwa. Daftari huhakikisha kwamba rejesta haivurugiki. Halisemi lolote kuhusu maneno yaliyomo ndani ya hati. Tangu mwaka 2012 ext4 inaweza pia kuihakiki rejesta yake kwa namba maalumu, lakini yaliyomo ndani ya mafaili hayamo katika uhakiki huo. Ndivyo ilivyo pia kwa APFS ya Apple, iliyoanza kutumika mwaka 2017. Ukurasa wa hati ukibadilika ndani ya jalada, masijala hizi zitakuletea jalada na kukutakia siku njema.

Kundi la tatu ndilo lenye namba za folio. ZFS ilianza kubuniwa mwaka 2001 na Jeff Bonwick na Matthew Ahrens katika kampuni ya Sun Microsystems, na msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2005. Btrfs ilianzishwa na Chris Mason alipokuwa Oracle mwaka 2007, ikaingia katika kiini cha Linux mwaka 2009. Mifumo hii hufanya mambo mawili. Kwanza, kwa kawaida haiandiki juu ya kilichopo: huandika toleo jipya mahali pengine, na baada ya hapo ndipo hubadilisha kielekezi. Umeme ukikatika, unabaki na la zamani zima au jipya zima. Pili, kwa kila fungu la data hukokotoa namba ya uhakiki kutokana na yaliyomo, na namba hiyo huwekwa mbali na fungu lenyewe. Kila fungu linaposomwa, namba hukokotolewa upya. Zisipolingana, mfumo unakataa kukupa hati na kutoa taarifa ya kosa. Kama kuna nakala ya pili katika diski nyingine, unaichukua iliyo nzima na kuitengeneza iliyoharibika.

Mtu anaweza kuniambia kwamba SSD nayo ina uhakiki wake wa ndani. Ni kweli, na bila huo diski hizi zisingefanya kazi hata siku moja. Lakini huo ni uhakiki wa anayejikagua mwenyewe. Hatukuridhika na wizara kujikagua hesabu zake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ikaweka, katika ibara ya 143, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu aliye nje ya wizara hizo. Mantiki ni ileile. Namba ya uhakiki inayotunzwa nje ya kisanduku kinachokaguliwa ndiyo pekee inayoweza kumkamata mtunza kisanduku akisema uongo, hata kama uongo wenyewe ni wa bahati mbaya.

Laiti ningekuwa na mfumo wa aina hii, mahojiano yale huenda bado yangeharibika katika diski ya kwanza. Tofauti ni kwamba mwaka uliofuata, nilipojaribu kunakili, kazi ingekataa. Ningepata kero ya nusu saa. Ningerudi kwa wazee wale, ambao wakati huo walikuwa hai.

Nisieleweke kwamba ninahubiri dini mpya. Novemba 2023 jamii ya OpenZFS iligundua hitilafu iliyoweza kufanya sehemu za faili lililonakiliwa zisomeke kama sifuri tupu, bila onyo. Ikarekebishwa katika matoleo 2.2.2 na 2.1.14. Kwa hiyo hata mkaguzi hukosea. Wataalamu nao hawakubaliani: SUSE iliifanya Btrfs chaguo lake la msingi mwaka 2014, na Fedora ikafanya hivyo kwa kompyuta za mezani mwaka 2020, ilhali Red Hat iliiondoa katika toleo lake la 8 mwaka 2019. Waandishi wa Btrfs wenyewe wanaonya dhidi ya kutumia baadhi ya mipangilio yake ya diski nyingi, ile inayoitwa RAID 5 na RAID 6. Aidha, kama data iliharibika kabla ya kufika katika diski, tuseme katika kadi ya kinasa sauti, mfumo utaugonga mhuri uharibifu huo kuwa ndio ukweli.

Tena, hakuna mfumo wa mafaili unaochukua nafasi ya nakala rudufu. Mwaka 2019 kampuni ya HPE iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya SSD zake zilikuwa na kosa la programu ya ndani lililozifanya zife zinapofikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3 na siku 270 hivi. Fikiria ofisi iliyonunua diski 4 za aina hiyo siku moja, ikaziwasha saa moja, na kuweka nakala ya kila kitu katika zote 4. Zingekufa pamoja kama ndugu wa kiapo. Namba za uhakiki zisingesaidia kitu. Uimara unatokana na tofauti: diski za watengenezaji tofauti, majengo tofauti, na siku tofauti za kununuliwa.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Ya kwanza: "Mwalimu, ofisi zetu zinatumia Windows." Sawa, na ziendelee. Seva moja ya idara, yenye diski 2 zinazoakisiana na mfumo wa ZFS, inaweza kuhudumia kompyuta zote za Windows kupitia mtandao wa ndani, na karani hatajua wala hahitaji kujua kilicho nyuma yake. Ya pili ni gharama. Programu hizi ni huria. Hazina ada ya leseni. Gharama halisi ni diski ya pili, na mtu wa kuisimamia. Ya tatu, na ndiyo nzito, ni utaalamu: afisa akihama, nani atabaki anajua? Pingamizi hilo ni la haki, lakini linahukumu utaratibu wetu wa kukabidhiana kazi kuliko linavyohukumu teknolojia. Ofisi isiyoweza kuandika kurasa 2 za maelekezo kwa afisa ajaye itapoteza kumbukumbu zake katika mfumo wowote.

Kuna pingamizi la nne lisilosemwa kwa sauti: masijala isiyoshtaki ina wateja wake. Jalada linapopotea na hakuna anayeweza kusema lilipotea lini wala mikononi mwa nani, wapo wanaolala usingizi mzuri. Sisemi kwamba mtu anachagua exFAT kwa hila. Nasema kwamba kutokuuliza kuna faida kwa baadhi ya watu, na ndiyo maana wanaodai uwajibikaji hawana budi kuuliza. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mijadala yetu kuhusu sheria hizi huishia kwenye usiri: nani aone, nani asione. Usiri ni nusu ya amana. Nusu ya pili ni kwamba kilichowekwa ndicho kitakachotolewa. Hata kusimba diski kwa nywila nzito, jambo ninalowahimiza wanaharakati kulifanya, hakuthibitishi kwamba ushahidi wako haujaharibika. Kunathibitisha tu kwamba kama umeharibika, umeharibika kwa siri.

Basi nimalizie kwa yanayofanyika.

Mwanafunzi mwenye kompyuta mpakato moja ya Linux anaweza kutumia ext4 bila hofu, au Btrfs akitaka uhakiki, mradi tasnifu yake iwe na nakala mbili nje ya kompyuta hiyo. Flashi na SSD ya kubebeka yenye exFAT ni gari la kusafirishia, si nyumba ya kuishi. Na kabla ya kuichomoa, iambie kompyuta kwanza iifunge, usubiri ijibu.

Mwanaharakati anayekusanya ushahidi, na ambaye hana budi kutumia exFAT ili wenzake waweze kuisoma, atengeneze namba za folio kwa mkono wake. Programu ndogo ya sha256sum, inayopatikana bure, hukokotoa namba ya uhakiki ya kila faili na kuiandika katika orodha. Hifadhi orodha hiyo mahali pengine, na uilinganishe kila unaponakili. Ni kazi ya dakika chache. Ningeifanya, nisingekuwa ninaandika makala haya.

Mtumishi anayeandaa zabuni aongeze mistari minne katika masharti ya kiufundi: SSD za seva ziwe na kapasita za kukamilisha uandishi umeme unapokatika, seva iwe na UPS, mfumo wa mafaili uhakiki data yenyewe na si rejesta peke yake, na diski zinazoakisiana zisitoke katika shehena moja. Kisha aweke katika kalenda ya ofisi siku moja kila mwezi ya kuuagiza mfumo usome kila fungu na kulihakiki, na siku moja kila robo mwaka ya kurejesha faili kutoka katika nakala rudufu mbele ya shahidi. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tetesi tu.

Mwanafunzi wangu amemaliza sura yake. Katika tanbihi ameandika kwamba mahojiano 7 kati ya 26 hayakuweza kutumika "kwa sababu za kiufundi." Nilimwomba aliondoe neno hilo. Tumekubaliana aandike kwamba hayakuweza kutumika kwa sababu msimamizi wake hakuyahakiki.